UZI: Kazi ya kufundisha Kiingereza nje karibu na fukwe zenye mawimbi mazuri ya kuserfu, tuwekane sawa

chaki_na_ubao (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kila baada ya muda anatokea mtu anauliza "nchi gani nzuri kwa mwalimu wa Kiingereza anayependa kuserfu" (kupanda mawimbi kwa bodi), anajibiwa Bali, anajibiwa Costa Rica, mjadala unaishia hapo, na yule aliyeuliza ama anakimbilia kukata tiketi ama anakata tamaa kabisa. Nimefundisha miji ya pwani miaka kadhaa sasa, nimekaa na walimu wenzangu wanaoserfu wa kila aina, na kitu ninachotaka kusema leo ni kimoja tu, usianze na ufukwe, anza na ratiba ya kazi. Ukiwa darasani saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, hata wimbi bora duniani likiwa mlangoni kwako utaishia kulisikia tu, na ukiwa na asubuhi zako huru, wimbi la kawaida kabisa litakutosha na utalijua kila kona.

Kwa nini nasisitiza asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko bahari, hewa inatoka nchi kavu kwenda majini, na upepo ule ukikutana na wimbi linaloingia unaushika uso wake, wimbi linasimama vizuri, linakuwa laini, unaliona linavyopinda toka mbali. Ikifika saa tano saa sita ardhi imeshapata moto, upepo unageuka unatoka baharini, maji yanachafuka mpaka jioni. Zipo pwani zenye pepo za kudumu ambazo hazifuati hii, lakini sehemu nyingi sana ndivyo ilivyo, na ndiyo maana kazi ya jioni kwa mtu anayeserfu ni dhahabu.

Sasa kazi zenyewe ziko kama za aina tatu hivi. Vituo binafsi vya lugha vinapokea watoto wakishatoka shule na watu wazima wakishatoka kazini, kwa hiyo unafundisha jioni mpaka saa tatu usiku, na wikiendi unashinda darasani. Shule za kawaida zinakushika mchana kutwa ila likizo zake ni ndefu. Halafu kuna programu za serikali za wasaidizi wa lugha, saa chache mno kwa wiki na posho ya kubana. Mtu achague hapo kwanza, ramani baadaye.

Kingine, kazi haziko kwenye vijiji vya mawimbi. Kijiji maarufu cha kuserfu kina hosteli, kina shule za kuserfu, kina migahawa, lakini hakina mamia ya wanafunzi wa kulipia Kiingereza mwaka mzima. Wanafunzi wako mjini. Unachotafuta ni mji wa saizi ya kati, wenye chuo kikuu, wenye maofisi, wenye wazazi wanaotaka mtoto wao aongee Kiingereza, halafu wimbi liwe nusu saa au pungufu. Trujillo kule Peru naupenda kuliko yote, mji mkubwa, vituo vya lugha vipo vya kutosha, na Huanchaco iko pale pembeni na mawimbi yake marefu ya kushoto (yanayovunjika kuelekea kushoto kwa anayepanda), mwaka mzima kuna kitu cha kupanda, na wavuvi bado wanatoka na caballitos de totora, vyombo vyao vya matete, wanavua wakimaliza wanapanda wimbi kurudi nchi kavu, mambo yaliyokuwepo pale karne na karne kabla ya bodi za plastiki. Kama kilomita 70 kaskazini iko Chicama, wimbi la kushoto ambalo watu wanalitaja kama refu kuliko yote duniani. Na Peru walipitisha sheria ya kulinda mawimbi tangu mwaka 2000, yaani mtu hawezi kuamka akajenga gati juu ya wimbi lililosajiliwa. Hilo peke yake linaniambia mengi kuhusu nchi.

Mingine ya mtindo huo ni Busan kule Korea Kusini na ufukwe wa Songjeong, Da Nang kule Vietnam na My Khe, Agadir kule Moroko na Taghazout iliyo kama kilomita 20 kaskazini yake, Miyazaki kule Japani, na kaskazini mwa Hispania ambako San Sebastián wana Zurriola katikati ya mji kabisa, unatoka darasani unavuka barabara umefika.

Wenye uzoefu waongezee, wenye maswali waulize.

pwani_mpya

Mkuu asante sana, uzi wa maana huu. Mimi nina shahada, siyo ya ualimu, Kiingereza changu kizuri, nimeserfu kiasi cha kusimama na kugeuka. Swali langu ni pasipoti. Kila tangazo naona "native speaker". Tunapita wapi wengine?

chaki_na_ubao

Swali zuri na bora liulizwe mapema kabla mtu hajatumia hela.

Zipo nchi ambazo mlango umefungwa kisheria, na huko usipoteze muda hata ukiandika barua nzuri kiasi gani. Korea Kusini viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba tu, Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Umezaliwa unaongea Kiingereza toka utotoni, una shahada ya fasihi, kama pasipoti haimo, haimo. Kwangu mimi hii ni dhuluma na nitaendelea kuiita hivyo, kwa sababu nimeona walimu hodari mno wanakataliwa na mtu asiyejua kuelezea tofauti ya "for" na "since" anapewa nyumba na tiketi ya ndege. China nao kwa viza ya kazi ya Z wanafuata mstari unaofanana na huo kwa walimu wa Kiingereza. Indonesia nayo inataka mwalimu wa lugha atoke nchi inakoongewa lugha hiyo.

Zilizo wazi zaidi. Vietnam wanaangalia karatasi, shahada, cheti cha kufundisha, hati ya polisi, vipimo vya afya, na uraia mwingine unakubalika ingawa mshahara wa ofa ya kwanza mara nyingi unakuwa chini na itabidi ubishane. Baadhi ya shule zitaomba matokeo ya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, peleka bila kinyongo, ukiwa na alama za juu unakuwa umefunga mjadala. Japani sheria yao haina orodha ya nchi, wanataka shahada, na kwa asiye mzaliwa wa Kiingereza wanaangalia kama amesoma kwa Kiingereza miaka 12, hapo wengi wetu tunahesabu miaka ya shule na chuo. Moroko mwajiri anakuombea kibali kupitia ANAPEC, wakala wa ajira wa serikali yao, wanataka kuona kwa nini wewe na siyo mtu wa pale, na mahitaji yanapanda kwa sababu kuanzia 2023 serikali yao ilianza kukiingiza Kiingereza madarasa yote ya sekondari ya chini. Peru na Amerika ya Kusini kwa ujumla kituo cha lugha kinakupima kwa kukusikiliza ukifundisha, hilo nalipenda, ila malipo ni ya saa na mkataba wa kukupatia viza siyo kila kituo kinao.

Cheti usikwepe. Kile cha onlaini cha saa 120 kinatosha kufungua milango mingi. CELTA ya Cambridge ni ghali lakini ndani yake kuna saa sita za kufundisha wanafunzi wa kweli mbele ya mkufunzi anayeandika kila unachofanya, na mtu asiyesomea ualimu hapo ndipo anapopata uti wa mgongo. Shule nzuri zinajua tofauti.

saa_kumi_na_moja

Nichangie Japani maana ndiko niliko. Mtoa mada kasema asubuhi, mimi niongeze kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa, JUA LINACHOMOZA SAA NGAPI. Huku Chiba mwezi wa sita jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mimi nafundisha shule za serikali kama msaidizi, natakiwa kuwa shuleni saa mbili na robo asubuhi, na bado kipindi cha joto naingia majini kukiwa kumekucha kabisa, naserfu karibu saa mbili nzima, naoga, nakula, naenda kazini. Kwa hiyo ile kanuni ya kituo cha jioni huku inalegea, ratiba ya mchana inawezekana kwa sababu ya mwanga. Majira ya baridi ndiyo inakuwa ngumu, kunakucha karibu saa moja na ukitoka kazini giza limeshaingia, wikiendi tu.

Chiba ndiko uliko ufukwe wa Tsurigasaki, mji wa Ichinomiya, walikofanyia kuserfu kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki, mashindano ya Tokyo 2020 yaliyosogezwa mpaka 2021. Mawimbi yanavunjikia mchanga, yanabadilika kila wiki, na treni inafika. Kazi za usaidizi mashuleni ziko nyingi kwa sababu mkoa una watu wengi. Miyazaki ni kusini, maji yana joto zaidi, maisha yametulia, kazi chache zaidi. Walifanya mashindano ya dunia ya ISA, chama cha kimataifa cha kuserfu, pale Kisakihama mwaka 2019. Msimu wa tufani mwezi wa nane mpaka wa kumi ndio mawimbi makubwa yanafika kutoka mbali, na ndio wakati wa kuwa makini zaidi, siku zingine kazi yako ni kukaa juu ya ukuta na kuangalia tu.

Programu ya serikali ya JET ipo toka 1987 na inapokea watu kutoka nchi nyingi kuliko wengi wanavyodhani, wenzangu niliowakuta ni wa Jamaika, wa Trinidad, wa Ireland. Unaomba kupitia ubalozi wao wakati wa vuli huku, unaondoka mwezi wa saba au wa nane mwaka unaofuata. Mpangilio ni kwamba unaandika sehemu mpaka tatu unazotamani lakini wao ndio wanaamua, na mtu anaweza kuandika Miyazaki akapelekwa milimani kwenye theluji. Kama huwezi kulikubali hilo moyoni mwako usiombe, utamwonea mwalimu mwenzio wa kule mlimani anayekusubiri kwa hamu. Kampuni binafsi zinazosambaza wasaidizi zinakuruhusu kuchagua sehemu, ila mshahara mdogo zaidi na mwezi wa nane wa likizo baadhi wanalipa nusu. Soma kipengele hicho mara mbili.

mama_daftari

Habari zenu. Dada yenu niko kaskazini mwa Hispania, namalizia mwaka kama msaidizi wa lugha shule ya serikali. Hizi programu za auxiliares watu wanazidharau kwa sababu ya posho, ni kati ya euro 700 na 1,000 kwa mwezi kutegemea jimbo, lakini angalieni saa, ni saa 12 mpaka 16 kwa WIKI. Siku nne, wengine tatu. Na inaanza mwezi wa kumi mpaka wa tano, ambao ndio msimu wenyewe wa mawimbi ya ghuba ya Biscay, dhoruba za Atlantiki ya kaskazini zinatuma maji mpaka huku majira yote ya baridi. Yaani kalenda ya shule na kalenda ya bahari zimekaa pamoja. Ufaransa wana yao inayofanana, saa 12 kwa wiki, miezi saba toka mwezi wa kumi, na ukiomba eneo la Bordeaux ujue linashuka mpaka Landes na nchi ya Basque, Hossegor na Biarritz ziko humo. Orodha ya nchi zinazokubaliwa ipo, iangalieni kila mwaka kwa sababu inaongezeka na kupungua.

Ila alichosema kaka wa Japani kuhusu jua huku ni kinyume chake. Hispania wanatumia saa za Ulaya ya kati na wao wako magharibi kabisa, mwezi wa kumi na mbili pale A Coruña jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi. Kuserfu kabla ya shule sahau. Mimi nina Jumatatu na Ijumaa huru, na Jumatano naanza saa sita, siku hizo ndizo zangu.

Kuhusu Mundaka, lile wimbi maarufu la nchi ya Basque, kwa wanaoiota, iko, kuna mto unaomwaga mchanga mlangoni na wimbi la kushoto linazunguka lile fungu la mchanga kama bomba. Mwaka 2005 baada ya kuchimbwa mchanga mtoni lile fungu liliharibika mpaka mashindano ya dunia yakafutwa, likachukua muda kurudi. Ni la watu wanaojua wanachofanya na wenyeji wake wanalinda zamu zao. Kaeni pembeni muangalie kwanza, kuna fukwe nyingi za mchanga za kujifunzia, Somo ng'ambo ya Santander, San Lorenzo pale Gijón.

Na wadada mnaoniandikia inbox kuhusu usalama, nyumba kwanza. Omba shule ikuunganishe na mwalimu mwanamke aliyepo sasa, muulize yeye barabara ya kurudi usiku ikoje. Kituo cha lugha kinachofunga saa tatu usiku na basi la mwisho la kwenda ufukweni ni saa mbili na nusu, hiyo siyo kazi ya karibu na ufukwe hata kama kwenye ramani ni kilomita nane.

bodi_kwapani

Mimi nimeambiwa na rafiki niende tu Bali na viza ya utalii, nifundishe kimya kimya majumbani kwa watu, mawimbi ya Uluwatu na Canggu kila siku, maisha poa. Kuna shule pia imenipa ofa huko ila wanataka nitume hela ya kushughulikia viza kwanza. Mnasemaje?

chaki_na_ubao

Kaka, hapana kwa yote mawili, na nakuambia hivi kwa sababu nakujali hata kama hatujuani.

Kufundisha na viza ya utalii Indonesia ni kosa la uhamiaji, watu wanakamatwa, wanafukuzwa, na wanawekewa marufuku ya kurudi. Na kabla hata ya kukamatwa kuna maisha yenyewe, mzazi asipokulipa utamshtaki wapi, ukipasuka kichwa kwenye mwamba pale Uluwatu bima itakuuliza uko nchini kwa shughuli gani. Mwamba ule uko chini ya maji kidogo mno wakati wa kupwa. Mtu bila kibali anakuwa na hofu kila siku na darasa linasikia hofu hiyo.

Na shule inayoomba hela ya viza, achana nayo leo hii. Shule ya kweli inakupa barua na mkataba, wewe unalipa ada ubalozini mwenyewe, unapewa risiti yenye nembo ya serikali. Niliwahi kuandikiwa na wakala mmoja aliyetaka nimtumie pasipoti halisi kwa posta "ili waanze mchakato", na alikuwa na tovuti nzuri, picha za watoto wamevaa sare, kila kitu. Pasipoti yako haikai kwa mwajiri hata siku ya kwanza. Skani yake inatosha.

Costa Rica ambayo pia watu wanaitaja sana, kazi nyingi ziko San José na bonde la kati, mbali na Pavones na Tamarindo zenye mawimbi, na mshahara unakula na kulala ukaisha. Anayeweza kwenda pale kwa raha ni mwenye wanafunzi wa onlaini tayari. Hilo nalo linawezekana siku hizi, nchi kadhaa zina viza za wafanyakazi wa mbali, Costa Rica yenyewe, Ureno walianza ya kwao 2022, Hispania 2023, ila wanataka uthibitishe kipato, Ureno ni mara nne ya mshahara wao wa chini. Na msitegemee kampuni moja ya onlaini. Mwaka 2021 China walipobana masomo ya ziada ya watoto, walimu kwa maelfu waliamka hawana madarasa.

mwl_mkongwe

Nimesoma uzi wote na nashukuru, lakini niruhusuni niseme upande wa mwanafunzi maana hajatajwa sana.

Nimeendesha madarasa pwani muda mrefu, na kila mwaka anakuja kijana mzuri, anaserfu, anachangamka, watoto wanampenda, halafu siku mawimbi makubwa yakifika anaandika meseji kwamba anaumwa tumbo. Watoto kumi na wanne wamekaa. Kuna mmoja bibi yake amemleta kwa basi mbili. Kiingereza kwa yule mtoto ni njia ya kuondoka au ya kubaki kwa heshima, siyo kitu cha kupitishia muda. Ukitaka kufundisha ili uweze kuserfu, sawa, sina ugomvi, watu wanafundisha kwa sababu nyingi, ila ukishaingia darasani uwe wa pale kwa asilimia mia.

Na wakurugenzi tunaoishi pwani tunajua kusoma utabiri wa mawimbi kama ninyi. Mwalimu akiniambia wiki moja kabla kwamba kuna mawimbi yanakuja Alhamisi, nabadilishana naye zamu na mwenzake, tumefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyeumia. Sema ukweli tu mapema.

pwani_mpya

Mwalimu shikamoo, nimekuelewa. Sasa niulize vitendo, kwenye intavyuu niulize nini ili nijue ratiba ya kweli? Maana matangazo yote yanasema "saa 25 kwa wiki".

chaki_na_ubao

Mwl_mkongwe, maneno hayo ningeyaweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza. Asante.

Pwani_mpya, saa 25 za kufundisha zinaweza kuwa wiki ya saa 40. Uliza wakutumie ratiba halisi ya mwalimu unayemrithi, ile ya wiki iliyopita, siyo ya mfano. Ukiipata angalia mashimo. Kuna mtindo wa madarasa ya saa moja asubuhi kwa watu wa maofisini halafu tena kuanzia saa kumi jioni, Peru upo sana, ukikubali huo upepo mzuri wote wa asubuhi unaupoteza ukiwa kwenye basi. Uliza kama unatakiwa kukaa ofisini saa ambazo hufundishi. Uliza mikutano ni siku gani. Uliza siku za mapumziko ni mbili mfululizo au zimeachana, maana ukitaka kwenda Chicama kulala unahitaji mbili mfululizo. Korea vituo binafsi vinaanza kama saa nane mchana mpaka saa tatu usiku, asubuhi huru kabisa, ila siku za likizo kwa mwaka ni chache, wakati EPIK, programu ya serikali ya walimu wa Kiingereza mashuleni, likizo ni nzuri zaidi lakini mchana wote uko shuleni. Hakuna kinachokuja na vyote.

Halafu kipengele cha kuvunja mkataba. Soma unadaiwa nini ukiondoka kabla, notisi ni muda gani, na kama utahitaji barua ya kuachiliwa ili uhamie shule nyingine. Wanaokataa kukupa mkataba uusome nyumbani siku mbili, wamekujibu tayari.

Demo, yaani somo la majaribio, ndiyo inayoamua. Watakupa dakika kumi na tano, mada kama wakati uliopita, na "wanafunzi" ni walimu wenzao wanaojifanya hawajui. Wengi wanasimama ubaoni kuandika kanuni. Usifanye hivyo. Mimi naingia na kitu mkononi, funguo, kiatu kimoja, tiketi iliyokatwa, naweka mezani nanyamaza, nawaachia waulize kilitoka wapi, nani alikiacha, kwa nini kimoja. Maswali yenyewe yanatoka na wakati uliopita ndani yake, nayaandika ubaoni kama walivyoyasema wao na makosa yake, tunayarekebisha pamoja. Dakika kumi na tano wao ndio wameongea kumi. Mkurugenzi yeyote anayejua kazi ataona.

saa_kumi_na_moja

Hiyo ya kiatu naichukua mkuu.

mama_daftari

Nami nizungumzie mwili kidogo maana hakuna anayewaambia watu. Ukitoka majini na kwenda moja kwa moja kufundisha, maji ya chumvi yanabaki kwenye mianzi ya pua ndani kabisa, unakaa saa mbili kavu, halafu unainama kusahihisha daftari la mtoto na yanamwagika ghafla juu ya karatasi yake, wino unatawanyika. Kabla ya kuingia darasani inama kabisa, kichwa chini, geuza kulia na kushoto, subiri, yatoke huko bafuni. Watoto wa darasa la tatu hawasahau kitu kama hicho.

Masikio ni muhimu zaidi. Maji baridi na upepo miaka mingi vinafanya mfupa wa ndani ya sikio uote na kuziba tundu polepole, na mwalimu wa lugha anaishi kwa masikio yake, kama husikii mtoto kasema "ship" au "sheep" utamsahihisha nini. Vaa vizibo toka siku ya kwanza sehemu zote zenye maji ya baridi, huku Hispania, Japani ya baridi, hata Peru maana mkondo wa Humboldt unaleta maji baridi ingawa mko karibu na ikweta. Suti ya milimita nne au tano huku siyo anasa.

Bima isomwe pia. Bima nyingi za shule zinalipia malaria na mkono uliovunjika ukianguka ngazi, kuserfu zinakuta neno "michezo ya hatari" zinaruka. Ongezeni kipengele chenu wenyewe. Na kama hujui kuogelea bila bodi, jifunze kwanza, kamba ya mguuni inakatika. Mkondo ukikuvuta kwenda nje usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake ndipo urudi.

bodi_kwapani

Nimefuta ile ofa jamani. Nimeangalia Da Nang badala yake, mawimbi yake yakoje kiukweli?

chaki_na_ubao

Umefanya jambo la maana kaka. Da Nang mawimbi yanakuja na pepo za kaskazini mashariki, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tatu hivi. Siyo mawimbi ya majarida, yanavunjikia mchanga, siku nyingi ya kiunoni mpaka kifuani, siku zingine yamechafuka, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja kuna tufani na mafuriko ambayo utafunga shule na kusaidia watu kuhamisha madawati juu. Kuanzia wa nne mpaka wa nane bahari inalala, watu wanapiga kasia wamesimama kwenye ubao. Lakini vituo vya lugha viko vingi, ajira ziko mwaka mzima, ufundishaji ni jioni na wikiendi, na My Khe iko upande wa pili wa daraja. Kwa mtu anayejifunza bado kugeuka kwenye wimbi, mimi ningekupeleka pale kabla ya Uluwatu bila kusita.

pwani_mpya

La mwisho wakuu, karatasi zipangweje? Nataka kuanza wiki hii.

chaki_na_ubao

Anza na nakala ya shahada na matokeo ya chuo, hizo hazichachi. Zithibitishwe kwa mwanasheria, zipite wizara ya mambo ya nje, halafu ama zipigwe apostili (muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi zote za mkataba) kama nchi yako na unakokwenda zote zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961, ama zipelekwe ubalozini zigongwe muhuri. China wameingia kwenye apostili toka Novemba 2023, Indonesia toka 2022, kwa hiyo msifuate maelekezo ya zamani yaliyozagaa. Cheti cha kufundisha fanya wakati hayo yanashughulikiwa. Hati ya polisi iwe YA MWISHO, kwa sababu nchi nyingi zinaitaka iwe na umri chini ya miezi sita na zingine miezi mitatu, ukiichukua leo na ofa ikaja baada ya miezi saba unaanza upya. Jina liwe lile lile herufi kwa herufi kwenye kila karatasi, shahada ikisema jina la kati na pasipoti haina, shughulikia hilo kabla ya kitu kingine chochote, ndipo wengi wanapokwama ubalozini.

Bodi usibebe safari ya kwanza. Mashirika ya ndege yanatoza vibaya, na kila mji niliotaja una bodi za mkono wa pili za walimu waliomaliza mikataba yao. Beba vizibo vya masikio, suti kama unayo, na nakala tatu za kila karatasi.